MREJESHO: Chembe ya moyo kuwaka moto nikiwa na njaa

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu chembe ya moyo kuwaka kila nikikaa na njaa. Asanteni sana, hasa mliosisitiza nikapime kwanza badala ya kubugia maziwa. Kipimo cha choo kilionyesha bakteria wa H. pylori, wanaoweza kuleta vidonda vya tumbo. Nikapewa omeprazole (ya kupunguza asidi tumboni) na antibiotiki mbili, amoxicillin na clarithromycin, kwa siku 14. Mdomo ulikuwa mchungu balaa, ila dozi nimemaliza. Diclofenac, dawa ya maumivu niliyokuwa natumia kwa ajili ya mgongo, daktari kaifuta, maana nayo huleta vidonda. Maumivu ya njaa yameisha. Kiungulia cha usiku bado kipo nikila na kulala papo hapo. Kipimo cha marudio ni wiki nne baada ya antibiotiki, na omeprazole haitakiwi kutumika ndani ya wiki mbili kabla yake, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Juisi ya kabichi ya kutuliza tumbo? Kwangu haikufua dafu.