Mjadala: Je, majaribio ya hesabu ya Darasa la Pili yahamishiwe kwenye kishikwambi?

Ndugu wazazi na walimu wenzangu,

Katika kikao cha shule yetu hapa Tanga, mzazi mmoja alipendekeza kwamba majaribio yote ya hesabu ya Darasa la Pili yafanyike kwenye kishikwambi, kwa kuwa chombo hicho husahihisha papo hapo na kumpunguzia mwalimu mzigo wa madaftari. Alitukumbusha pia kwamba kati ya mwaka 2017 na 2019 vijiji 170 vya mkoa huu vilishiriki majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kujifunzia, na watoto wakajifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa programu za Kiswahili. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kule kila mtoto alipewa kishikwambi chake cha kujifunzia; sisi tunazungumzia kupima, tena kwa kishikwambi kimoja cha mwalimu, ambacho wengi wetu tulikipata baada ya kutumika kwenye Sensa ya mwaka 2022.

Naona tunabishana juu ya chombo ilhali tatizo liko kwenye swali. Juzi niliwapa wanafunzi swali la 42 kutoa 17, na wawili wakaandika 35. Wa kwanza aliona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 katika 7. Wa pili alikopa kumi vizuri kabisa, hata 1 ndogo ameiweka pembeni ya ile 2, ila akasahau kupunguza 4 iwe 3. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba wa kwanza anahitaji kurudi kwenye vijiti, akifungue kifungu cha kumi kwa mikono yake mwenyewe, na wa pili anahitaji kukumbushwa hatua moja tu. Kishikwambi kingewaambia wote wamekosa, kisha kikaendelea. Lakini swali lingekuwa 43 kutoa 17, wa kwanza angepata 34 na wa pili 36, na chombo kingewatenganisha.

Kwa hiyo sikatai pendekezo. Ninachokikataa ni maswali yaliyotungwa na mtu asiyewahi kusahihisha daftari la mtoto. Yatungwe na walimu wa madarasa hayo, na kila jibu la kupotosha, yaani lisilo sahihi kati ya yale ya kuchagua, litokane na kosa ambalo watoto hulifanya kweli. Yasomwe kwa sauti, maana mtoto ambaye bado anasoma kwa shida huweza kukosa hesabu anayoijua. Apewe na karatasi ya kukokotolea.

Linalonisumbua zaidi ni muda. Mtoto mmoja mmoja akikaa na mwalimu dakika 10, darasa la watoto 60 linahitaji saa 10 kamili. Mzazi mwenzetu uliyeleta hoja, nanyi walimu mliokwisha kujaribu, naomba mtueleze: watoto wengine 59 mliwaacha na nani?