Naomba ushauri: nikate fremu ya Honda CB750 ya 1976 au niiache ilivyo?

Mtanga wa Leicester

Ndugu wanajamvi, ninawasalimu. Mwezi uliopita nilinunua hapa Uingereza Honda CB750 ya mwaka 1976 kwa mzee mmoja ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuipanda. Injini yake ni ile ya silinda nne zilizopangwa safu moja, cc 736, nayo hunguruma vizuri ikishapata moto, ingawa asubuhi hugoma kidogo. Nia yangu ni kuifanya pikipiki ya mtindo wa mashindano ya zamani: usukani wa chini wa kuinamia, kiti cha mtu mmoja, mkia wa fremu ukatwe, boksi la chujio la hewa liondolewe ili kila kabureta iwe na kichujio chake, na mabomba manne ya moshi yaunganishwe yawe moja. Mke wangu anasema nimenunua ugonjwa. Nina pauni 1,500, na kazi ya mikono ninaiweza isipokuwa kuchomelea. Nianzie wapi, na ni kipi nisikiguse?

Fundi wa Gerezani

Hongera, kaka. Nitaanza na hilo boksi la hewa, kwa sababu ndilo linalowaliza wengi. Kabureta za pikipiki hiyo zilipimwa zikiwa zinavuta hewa iliyotulia ndani ya boksi. Ukiliondoa, hewa huingia kwa wingi kuliko petroli, plagi zinakuwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi, na mwendo wa kati unakuwa wa kukohoa. Ukiunganisha na mabomba ya moshi siku hiyo hiyo, hutajua kosa limetoka mbele au nyuma. Badilisha kimoja, endesha, soma rangi ya plagi, ndipo uguse kingine. Kwanza pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.05 za kuingiza na 0.08 za kutoa moshi. Kisha safisha kabureta zote nne na uzisawazishe. Huenda ule mgomo wa asubuhi ukaishia hapo.

Binti Spana

Ninakubaliana na Fundi, ila mwenye uzi anapaswa kujua mambo mawili ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi. La kwanza, injini hii haihifadhi oili yake chini kama pikipiki nyingi, bali kwenye tangi la pembeni, upande wa kulia chini ya kiti, hivyo ule uwazi unaopendwa chini ya kiti haupatikani bila kulihamisha tangi hilo pamoja na mipira yake. Mimi nisingelihamisha. La pili ni umeme: jenereta yake hutoa takriban wati 210, na hizo ni injini ikiwa inazunguka kwa kasi, kwa hiyo kwenye foleni betri hulisha taa kuliko inavyolishwa. Taa za LED zitakusaidia, lakini ukizifunga kwenye indiketa, badilisha na rilei yake, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, maana ile ya zamani hutegemea mzigo wa balbu ili ipepese. Usiweke betri ndogo kwa ajili ya urembo. Stata ya injini hii ina njaa.

Mzee wa Birmingham

Wanangu, mmesahau sheria. Hapa Uingereza chombo kilichotimiza miaka 40 kinaweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka, mradi hakijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, na fremu ni miongoni mwa vinavyoangaliwa. Uliza kabla ya kuwasha msumeno, na mweleze mwenye bima kila unachobadilisha, hata usukani. Ukiamua kukata, kata nyuma ya pale shokamzoba zinaposhikwa kwa juu, tena umpe kazi hiyo mchomeleaji anayeaminika, betri ikiwa imeondolewa.

Pia, breki. Mwaka 1969 pikipiki hii ilistaajabisha kwa kuja na diski mbele, lakini diski ni moja na mpira wake wa mafuta, kama haujabadilishwa, una umri wako. Pini inayoshika mkono wa kalipa, kile kifaa kinachobana diski, hupata kutu na kukwama. Ifungue, isafishe, itie grisi. Mtu anayenunua kiti cha ngozi kabla ya mpira wa breki mimi simwelewi.

Mtanga wa Leicester

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimefungua kalipa jioni hii na pini imetoka kwa nyundo, ikiwa nyekundu tupu. Nimeamua fremu isikatwe mwaka huu: nitafunga usukani wa chini na kiti cha kushikwa kwa bolti pale pale pa zamani, na boksi la hewa litabaki. Kuhusu petroli, nitumie hii ya kawaida yenye asilimia 10 ya ethanoli?

Fundi wa Gerezani

Hapana, tumia ile yenye asilimia 5. Ethanoli huvuta maji, na tangi la chuma la miaka hiyo halipendi maji. Ukiiegesha kwa majira ya baridi, mwaga petroli yote iliyo kwenye bakuli za kabureta.