Thamostati mahiri inawasha na kuzima kiyoyozi kila mara: nianzie wapi?

Mwenye duka la dawa, Kisumu

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaendesha duka la dawa hapa Kisumu, na kwa kuwa pakiti nyingi huandikwa kwamba dawa zisihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 25, kiyoyozi kwangu si anasa. Mtambo wetu umefichwa juu ya dari na hupuliza hewa kupitia mifereji, na kwa muda mrefu umeongozwa na thamostati ya kawaida ya ukutani. Hivi karibuni tuliiondoa, tukaweka thamostati mahiri iliyoletwa kutoka Marekani, ili niweze kufuatilia joto la duka kwenye simu hata nikiwa nyumbani. Tangu hapo, hasa jua linapokuwa kali mchana, kompresa (pampu ya gesi ya mtambo) inanguruma dakika chache, inazima, kisha inawaka tena kabla chumba hakijapoa. Fundi mmoja amesema gesi imepungua, mwingine anataka ninunue thamostati nyingine. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Fundi wa majokofu, Nakuru

Pole sana, ndugu. Usinunue chochote wala usikubali gesi iongezwe mpaka ujue amri ya kuzima inatoka wapi. Simama mbele ya thamostati kompresa inapozima, uangalie kioo. Kikionyesha kwamba kiwango ulichoweka kimefikiwa ilhali wewe bado unatokwa na jasho, basi kihisi kinapimishwa hewa isiyo ya chumba, pengine kwa sababu kiko mkabala na tundu la hewa baridi. Au pengo kati ya joto la kuwasha na la kuzima limewekwa dogo mno, na hilo hurekebishwa kwenye mipangilio. Kikiendelea kuonyesha kwamba kinapoza huku kompresa imenyamaza, mtambo ndio uliojikata wenyewe, ama kwa presha ya gesi iliyopanda au kushuka kupita kiasi, ama kwa maji yaliyojaa kwenye trei na kuinua swichi ya kuelea. Kioo kikififia au kujiwasha upya, thamostati inakosa umeme.

Wakati unachunguza, hakikisha ucheleweshaji wa kompresa kwenye mipangilio, yaani muda inaosubiri kabla ya kuwaka tena, haupungui dakika tano. Kompresa inapozima, presha ya upande mmoja hubaki juu na ya upande wa pili chini, na ikilazimishwa kuwaka kabla hazijasawazika huvuta umeme mwingi mno na kuchemka. Kompresa nyingi ninazoziona zimeungua ziliteswa namna hiyo.

Mwenye duka la dawa, Kisumu

Asante, fundi. Nimekaa nikaangalia. Kioo kinafifia, alama ya waifai inapotea, kisha kompresa inazima. Nimefungua kifuniko pia: nyaya tatu zimefungwa kwenye R (umeme), Y (kompresa) na G (feni), na waya wa nne, wa buluu, umekunjwa ndani ya ukuta bila kuunganishwa popote.

Fundi wa majokofu, Nakuru

Basi waya huo wa buluu ndio dawa yako. Thamostati ya zamani haikuhitaji umeme mwingi, lakini hii ina kioo na redio ya waifai, nayo inataka njia ya kudumu ya kurudisha umeme kwenye transfoma, yaani waya wa C. Isipokuwa nayo, hujiibia umeme kidogo kupitia waya wa Y na kuuweka kwenye betri yake ndogo. Njia hiyo huwa nzuri kompresa ikiwa imezima. Ikiwa inafanya kazi mfululizo, kama mchana wenu wa Kisumu unavyodai, betri haipati nafasi ya kutosha ya kujaa. Ndiyo maana asubuhi huoni shida.

Zima swichi kuu kwanza. Mwombe fundi apime kama mzunguko huo kweli ni wa volti 24, kwa maana thamostati nyingi za ukutani huku kwetu hutumia volti 240, na kuchanganya hizo mbili ni kuunguza kifaa na kuhatarisha maisha. Kisha aunganishe waya huo kwenye C pande zote mbili, ukutani na kwenye bodi ya mtambo. Kama bodi haina C, achukue kutoka ncha ya pili ya volti 24 ya transfoma ileile, ile isiyokwenda R.

Msimamizi wa majengo, Kisumu

Ninakubaliana na fundi, ila kwa sisi wa kando ya ziwa kuna jambo la kuongeza. Wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama mawingu hufuata taa usiku, na feni ya mtambo wa nje huwavuta mpaka mapezi ya koili (vibati vyembamba vinavyotoa joto nje) yanafunikwa na utando mweusi. Joto likikosa pa kutokea, presha hupanda na mtambo hujikata, na hapo ndipo mtu huambiwa kwamba gesi imekwisha. Uoshwe kwa maji ya presha ndogo, umeme ukiwa umezimwa. Pia ziba lile tundu la nyaya nyuma ya thamostati, kwa sababu hewa ya moto ya darini hushuka humo na kukipotosha kihisi.

Mwenye duka la dawa, Kisumu

Nawashukuru wote. Fundi amepima, ni volti 24, na waya wa buluu sasa uko kwenye C. Kompresa imefanya kazi mchana kutwa bila kioo kufifia, na duka limetulia kwenye nyuzi 24. Koili ya nje kweli imejaa wadudu. Itaoshwa Jumapili tukiwa tumefunga.