Wenye karakana za milango na aluminiamu Dar: mnachukua hela ya usafiri, halafu mnatupakilia vioo kama magunia ya mkaa!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Wiki hii nimeletewa saiti, Kigamboni mbele ya Kibada, mlango mkubwa wa kioo wa sebuleni, madirisha yake na milango miwili ya mninga. Mlango wa kioo umefika na nyufa, fremu zimepinda, mninga una makovu ya kamba, na kijana wa watu amechanwa kiganja na kioo. Karakana wanasema haiwahusu.

Karakana yenyewe iko upande wa Keko, jina nitaliacha. Nililipa kazi yote kabla mzigo haujapakiwa, maana ndiyo masharti yao, na juu yake nikalipa 120,000 ya "usafiri na upakiaji". Imeandikwa hivyo hivyo kwenye risiti. Kwa hela hiyo, kutoka Keko hadi Kibada, mtu anategemea Canter na watu wanaojua kubeba kioo. Wao wametoka nje ya geti, wakaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka kijiweni.

Sasa angalieni vipimo. Mlango ule, ni wa kusukuma pembeni, una upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.4. Kirikuu kizima, bampa mpaka bampa, hakifiki mita 3.5, na bodi ya nyuma haifiki hata mita 2. Kwa hiyo waliulaza. Chini kabisa kioo, juu yake fremu za madirisha, juu ya fremu milango ya mninga, na juu ya mninga vijana wawili wamekaa ati "wanashikilia". Mita nzima ya kioo imening'inia nyuma na imefungwa tambara jekundu. Kamba ya manila imepitishwa juu ya ukingo wa mbao bila hata kipande cha boksi.

Nani alikaa akafikiri akaona hiyo ni sawa?

Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Changu ni milimita 6, yaani kilo 15 kwa mita ya mraba. Piga mita 3 kwa 2.4, toa nafasi ya fremu: unakaribia kilo 100 za kioo peke yake, hujagusa aluminiamu. Mzigo wa namna hiyo ukiulaza, katikati unabonyea kwa uzito wake wenyewe, na gari likiruka tuta unadunda. Hapo umewekewa madirisha, milango na watu wawili juu yake. Kioo kina nguvu kikisimama kwa ukingo wake. Na hawa mafundi wanalijua hilo kuliko mimi. Nenda duka lolote la vioo Kariakoo, utakuta shiti zote zimesimama zimeegemea stendi, hakuna aliyezilaza sakafuni. Dukani kwao, mali ikiwa yao, wanaisimamisha. Ikishalipiwa wanailaza na kuikalia.

Kuna kitu kingine kiliniuma nilipoanza kukagua. Zile pande mbili za mlango zinazosukumwa hazikufungwa wala kuwekewa kabari. Njia nzima, kutoka Kurasini, darajani mpaka tulipoacha lami, zilikuwa zinateleza kwenye reli zake na kugongana. Ufa umeanzia kona ya chini, pale pale kioo kilipogonga fremu, ukapanda hadi karibu na kitasa. Kona ya fremu, pale aluminiamu zinapokutana kwa mkato wa pembe, imeachia kiasi cha kuingiza ukucha. Upande mmoja wa fremu umesuguana na chuma cha bodi mpaka rangi ya kahawia imetoka na aluminiamu nyeupe inaonekana. Na kwenye bodi yenyewe kulikuwa na masalia ya saruji ya mzigo uliotangulia. Saruji ikilowa inakula aluminiamu na kuacha madoa yasiyotoka, kila fundi anajua, lakini hakuna aliyeshika hata ufagio kabla ya kupakia. Mninga nao, kamba imezama kwenye ukingo na kuacha mfereji. Mbao ile ilishapigwa msasa na vanishi.

Lakini hayo ni mali. Linalonikera zaidi ni yule kijana.

Mmoja wa wale waliokaa juu, kijana mdogo tu, wakati wa kushusha alishika kioo kwa mikono mitupu. Hakuna glavu, hakuna vile vifyonzeo vya mpira vya kushikia kioo, na miguuni ana ndala. Kile kipande kilichokuwa na ufa kikaachia mkononi mwake. Amekatwa kiganja kuelekea kwenye kifundo. Mafundi wangu wa saiti ndio waliomfunga kitambaa, na bodaboda ikamkimbiza zahanati kwa hela yangu. Nilipompigia mwenye karakana kumweleza, jibu lake la kwanza lilikuwa: "Huyo si mfanyakazi wangu, ni wa kijiweni." Hakuuliza anaendeleaje. Kijana amepanda juu ya mzigo wako, kwa maelekezo yako, ashikilie kioo chako kwa uzito wa mwili wake, halafu si wako?

Kuhusu mlango wangu akasema, "Mzigo ukishatoka getini, malizana na dereva." Dereva nimemuuliza kapewa shilingi ngapi. Kapewa 40,000, na anasema aliambiwa ni "milango", neno vioo hakulisikia hadi alipofika kupakia. Bima ya gari lake ni ile ndogo ya mtu wa tatu, ambayo hailipi mzigo uliomo ndani ya gari. Kwa hiyo 80,000 iliyobaki ya "usafiri na upakiaji" imefanya kazi gani? Imenunua blanketi gani? Mkanda gani?

Hii hoja ya getini ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu naona wengi tunaimeza. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Sheria ile inamtaka muuzaji anayemkabidhi msafirishaji mali ya mteja afanye naye makubaliano yanayofaa kulingana na aina ya mali. Asipofanya, na mali ikaharibika njiani, mteja ana haki ya kukataa kwamba amekabidhiwa, au kumdai fidia muuzaji. Kuokota kirikuu kijiweni na kutomwambia dereva kwamba amebeba kioo si makubaliano yanayofaa hata kidogo. Wewe ndiye uliyechagua gari, wewe uliyepanga mzigo, wewe uliyechukua hela ya kazi hiyo. Ungeniambia tangu mwanzo nitafute gari mwenyewe, tungeongea mengine.

Na kinachotakiwa si teknolojia ya Ulaya. Ni stendi ya chuma yenye umbo la A, ambayo fundi wa kuchomelea yeyote hapo Keko anaiunganisha. Inafungwa kwenye bodi ya Canter, chini inawekwa mpira, kioo kinasimama kwa urefu wa gari kikiwa kimeegemea kidogo, katikati ya kimoja na kingine panawekwa boksi au sponji, kisha mikanda mipana yenye kikazio, siyo manila. Kwa mlango mkubwa kama ule, pande zake zingetolewa kwenye reli, zisafirishwe peke yake, zikarudishiwe ukutani. Dakika chache kwa fundi aliyeutengeneza. Mbao zilazwe kwenye sehemu iliyonyooka, zifunikwe turubai, kila kamba iwekewe kitu kwenye kona. Dereva aambiwe alichobeba. Basi!

Kuna watakaokuja kuniuliza kwa nini sikwenda Keko kusimamia upakiaji. Mimi nimelipia upakiaji. Sina wajibu wa kuacha kazi yangu nikasimamie kazi niliyoilipia, na nisingekuwa na sababu ya kulipa kama ningeifanya mwenyewe.

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu, asanteni.

Aliyesema ningeweka tempadi (kioo kilichoimarishwa kwa joto) yasingetokea: mkuu, tempadi ina nguvu ukiigonga katikati, ila ukingo na kona ndiyo udhaifu wake. Ikigongwa vibaya pale inapasuka yote kwa mpigo na kuwa chenga, na haikatwi upya kupunguza sehemu iliyoharibika. Kwa upakiaji ule ningeletewa chenga tupu.

Aliyeuliza kama nilisaini kupokea: hapana. Nilipiga picha mzigo ukiwa bado juu ya gari, zinaonyesha kamba, fremu na kioo kilicholazwa, na nikaandika kasoro zote kwenye karatasi yao kabla dereva hajaondoka. Tafadhali fanyeni hivyo hivyo, na msiweke sahihi mahali palipoandikwa "nimepokea mali ikiwa salama" kabla hamjaishusha na kuikagua. Na kama mnaanza kazi sasa, msimalizie hela yote kabla mlango haujasimama ukutani. Mkikubaliana asilimia ishirini ibaki mpaka siku ya kufunga, huyo mwenye karakana atakumbuka mwenyewe kutafuta blanketi.

Nimewapa karakana barua ya madai: kioo kipya, fremu mpya, mninga upigwe upya, na gharama za matibabu ya kijana. Wakigoma naenda Mahakama ya Mwanzo na picha zangu na risiti yangu, na malalamiko mengine nayapeleka Tume ya Ushindani. Kijana kashonwa, mkono bado umevimba, na hajarudi kazini.

Mwenye kujua karakana yenye gari lake lenye stendi ya vioo, inayoleta mpaka Kigamboni na kukubali kuandika kwamba mzigo ni wao mpaka ushuke salama, aiweke hapa chini. Na wale mliofanyiwa hivi na mkaambiwa "malizana na dereva", wekeni picha zenu.