Waliopigwa leza au IPL usoni, tupeane uzoefu

Ua la Asubuhi
Wadau, habari za muda huu. Leo nimesimama kwenye foleni nyuma ya dada mmoja ana alama shavuni, mistatili midogo imejipanga kama vigae kuanzia sikioni hadi kidevuni. Aliyepitia haulizi, ile ni alama ya kichwa cha mashine ya IPL, ile inayopiga mapigo ya mwanga mkali. Roho imeniuma sana. Waliofanyiwa leza au IPL usoni, iwe kwa nywele, chunusi au madoa, njooni hapa. Ilikwendaje, na baada ya pale mlijitunzaje?

Mzee wa Kivuli
Nafuatilia. Mke wangu ana miadi wiki ijayo.

Chausiku
Uzi huu umenigusa penyewe. Nilikwenda kutolewa nywele za kidevuni. Nikaulizwa jina na namba ya simu, basi. Hakuna aliyetaka kujua natumia dawa gani, na wakati ule nilikuwa kwenye doksisaiklini ya chunusi, dawa ambayo hufanya ngozi iwe nyepesi kuungua na mwanga. Hakuna kujaribiwa sehemu ndogo kwanza. Harufu ya nywele kuungua niliitegemea. Lakini mashine ilipopanda shavuni, maumivu yakabadilika, yakawa ya moto hasa na hayaachii hata kichwa cha mashine kikishaondoka. Nikasema dada, unaniunguza. Akanijibu "vumilia, ndiyo inafanya kazi hivyo", akaendelea kuongea na mwenzake. Usiku shavu likafura malengelenge. Asubuhi ngozi imegandana na foronya, nikawa nailowesha na maji ndiyo iachie. Maganda yalipodondoka, chini pamekuwa peusi kuliko rangi yangu. Weusi ule ulikaa miezi kadhaa, nikawa naongea na watu nimeinamisha uso. Na hapa karibu na taya pamebaki doa jeupe mpaka leo.

Kokoriko
Pole sana dada. Hilo neno "vumilia" na mimi niliambiwa.

Jogoo Mweupe
Mnalalamika bure. Ngozi nyeusi na leza haviendani. Mngebaki na nyembe zenu.

Siti Nesi
Ndugu Jogoo, hapana. Nafanya kazi kwenye kliniki ya ngozi, acha nieleze. Mwanga wa kuondoa nywele unatafuta melanini, yaani rangi ya asili, iliyo kwenye nywele ili joto lishuke hadi kwenye shina. Mwenye ngozi nyeusi ana melanini nyingi juu pia, kwa hiyo ngozi inalidaka joto kabla halijafika chini. Ndiyo maana IPL, ambayo inatoa mawimbi mchanganyiko, inaunguza weusi upesi. Leza ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, inazama ndani zaidi na melanini hainyonyi sana wimbi lake, ndiyo inayopendekezwa kwa ngozi nyeusi. Leza ya alexandrite ya nanomita 755 inawafaa zaidi weupe. Ukifika, uliza mashine ni ya aina gani na wewe ni aina ya ngapi kwenye kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kuanzia 1, nyeupe sana, hadi 6, nyeusi sana. Mhudumu akibabaika, chukua mkoba wako utoke.

Jogoo Mweupe
Kwa hiyo umekuja kutangaza mashine?

Siti Nesi
Sijataja kliniki wala bei. Nimetaja nanomita.

Chausiku
Jogoo, aliyeungua ni mimi. Kama huna uzoefu wa kutupa, tuachie uzi wetu.

Bahari Tulivu
Acheni kugombana, niwape la jicho. Mimi nilikuwa nasafishwa nyusi kwa IPL. Yule mhudumu akanivua miwani ya kinga ili afike chini ya nyusi, akasema nikifumba macho inatosha. Pigo la kwanza nikaona mwako mweupe umejaa kichwa kizima. Nikajua ndivyo ilivyo. Jioni jicho likawa jekundu, taa ya sebuleni inanichoma, machozi hayakatiki. Daktari wa macho akanimulika, akanipa kioo nijitazame mwenyewe: mboni ya kushoto haikuwa duara tena, imevutika upande mmoja. Akanieleza kwamba ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni nayo ina melanini, na kope ni nyembamba, haizuii mwanga mkali namna ile. Matone yalituliza maumivu. Mboni haikurudi. Mchana siwezi kutoka bila miwani myeusi.

Ua la Asubuhi
Mungu wangu. Yaani nyusi tu?

Kokoriko
Na yule mhudumu alikuwa amevaa miwani?

Bahari Tulivu
Amevaa. Ya kwake hakuivua.

Mzee wa Kivuli
Hapa nimesimamisha kila kitu namsomea mke wangu.

Siti Nesi
Pole sana Bahari. Wengine mshike hili: ndani ya duara la mfupa wa jicho hapapigwi IPL. Daktari akilazimika kutibu kope kwa leza, anaweka kwanza ngao ya chuma juu ya jicho lenyewe, chini ya kope. Na miwani lazima iwe ya kuzuia wimbi la mashine ile ile, si yoyote iliyopo mezani.

Tausi wa Bara
Turudi kwenye matunzo. Mimi niliungua kidogo, nikapaka dawa ya meno.

Kokoriko
Barafu bwana, dawa ya meno ya nini?

Tausi wa Bara
Barafu ilinibandua ngozi. Asali je?

Siti Nesi
Jamani, maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20. Barafu ikigusa ngozi iliyoungua inaongeza jeraha. Dawa ya meno hapana kabisa. Kisha vaselini nyepesi, malengelenge usiyapasue, maganda usiyabandue, maana ukibandua ndipo doa linapokaa. Yakiwa makubwa au yakitoa usaha, nenda kwa daktari. Krimu za retino (zile za jamii ya vitamini A) na za kung'arisha ziwekwe pembeni mpaka ngozi ipone. Na kama huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni, sema mapema, mwanga unaweza kuviamsha na kuna dawa ya kuzuia.

Kokoriko
Mimi retino nilirudia mapema na sikudhurika. Ila walinijaribu kwanza chini ya taya, wakanirudisha nyumbani tungoje ngozi iseme. Leza yangu ilikuwa hiyo ya 1064.

Mzee wa Kivuli
Siti, mke wangu anauliza. Yeye si nywele, ni madoa ya kahawia mashavuni yaliyoanza na ujauzito na hayajaondoka.

Siti Nesi
Hayo yanaitwa melazma. Joto na mwanga vinaweza kuyazidisha, na IPL imewaharibia wengi wenye tatizo hilo. Aonane kwanza na daktari wa ngozi, aanze na krimu atakazoandikiwa na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya kiwango cha kinga SPF 30 au zaidi. Achague yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu melazma inachochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, siyo ule wa urujuanimno peke yake.

Mzee wa Kivuli
Ameahirisha miadi. Anauliza hiyo sanskrini apake kiasi gani.

Kokoriko
Mistari miwili kwenye urefu wa vidole viwili, uso na shingo. Akiwa nje, arudie kila baada ya saa mbili.