Tunakata mawe ya kaunta za jikoni, fundi wetu anakohoa mwaka wa pili huu. Naombeni ushauri

fundi_wa_kaunta:
Wakuu habari za usiku, poleni na mihangaiko. Nina mwaka wa tatu sasa niko kwenye karakana moja hapa Dar, tunakata mawe ya kaunta za jikoni, graniti na yale ya kutengenezwa kiwandani wanayoita kwatzi, kazi ipo ya kutosha manake kila anayejenga siku hizi anataka jiko lenye jiwe linalong'aa. Tupo vijana saba na fundi mkongwe mmoja ambae ndo alinifundisha kushika grenda.

Sasa huyu mzee ndo kanifanya niandike. Anakohoa mwaka wa pili. Mwaka jana walimuanzishia dawa za TB, makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kitu ila picha ya kifua ilikuwa na madoa, kameza miezi 6 yote hakuruka hata siku moja na kikohozi kiko palepale. Huyu mtu alikuwa anashika upande mmoja wa jiwe mnapanda nalo ngazi mpaka ghorofa ya tatu anapiga stori njia nzima. Juzi nimemuona anatoka getini kwenda chooni kasimama mara mbili, kashika ukuta, na anaangalia kama kuna mtu anamuona.

Tunakata kavu. Tukienda kutoboa tundu la sinki kwa mteja tunafunga milango vumbi lisiende sebuleni, dakika mbili tu humuoni mwenzako unaona taa tu. Jioni tunajipuliza nguo na kompresa. Wife akiloweka ovaroli, asubuhi chini ya beseni kuna tope limeganda kama saruji, na tuna mtoto wa miezi nane analala chumba hichohicho.

Bosi sio mtu mbaya, ukiumwa anatoa hela ya dawa. Nilipomwambia habari ya vumbi akaleta boksi la barakoa zile za bluu na pakiti ya maziwa kila mtu kila Ijumaa. Mkataba wa karatasi sina, nalipwa kwa wiki. Je ni vumbi au ni TB kweli? Na niongee vipi nisipoteze kazi?

kijana_wa_kokoto:
Pole mkuu. Hayo maziwa muombe awape kila siku sio Ijumaa tu, sisi kwenye kokoto tumeyanywa miaka, yanashusha vumbi.

nesi_wa_zamu:
Ndugu yangu wa kokoto, kwa heshima zote, hapana. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, hizo njia mbili hazikutani. Maziwa ni chakula kizuri basi, ila watu wengi wamepoteza muda kwa kuamini wamejikinga kumbe hawajajikinga.

Mleta uzi, ndani ya hayo mawe kuna silika, madini yanayotoa vumbi la hatari. Lile vumbi zito unaloliona linashuka chini, linaloumiza ni lile laini ambalo hata hulioni, linafika kwenye vifuko vidogo kabisa vya hewa, mwili hauwezi kulitoa, basi panaota makovu. Unaitwa silikosisi. Kovu likishaota halifutiki, hakuna dawa ya kulirudisha pafu, ndo maana nasema kwa uchungu kwamba kinga ndo kila kitu. Graniti ina silika kama theluthi hivi, ila hiyo kwatzi ya kiwandani nyingi zinazidi asilimia 90, na vijana wanaumwa ndani ya miaka michache tu. Australia wameyapiga marufuku mawe hayo ya kiwandani tangu tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo.

Kuhusu mzee, silikosisi na TB zinafanana sana kwenye picha, tena mwenye silikosisi anapata TB kirahisi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo anaweza kuwa nayo moja au zote mbili. Arudi hospitali kubwa apimwe upya, na amwambie daktari kazi anayofanya. Daktari asipoambiwa ataona kikohozi na madoa atawaza TB.

mchorongaji_mstaafu:
Nimesoma nikakaa kimya kwanza. Mimi nimechimba tanzanite Mererani, tulikuwa tunachoronga kavu, ukitoka shimoni unatema tope. Rafiki yangu alimeza dawa za TB mara tatu. Mara tatu wakuu. Alipofika hospitali ya Kibong'oto kule Siha ndo daktari akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, "kazi yako ni nini, na umeifanya miaka mingapi?" Jibu likapatikana siku hiyo ila pafu lilishaisha. Mpeleke huyo mzee mapema, usisubiri akubali mwenyewe, sisi wanaume huwa tunasema ni baridi tu.

dada_wa_rasilimali_watu:
Mdogo wangu, kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi, sheria inaangalia unafanya kazi chini ya maelekezo ya nani na nani anakulipa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, awape vifaa kinga bure, na mpimwe afya mkianza na mnapoendelea na kazi. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake anatoa mwajiri peke yake, akikukata wewe anakuibia. Magonjwa yanayotokana na kazi yanafidiwa, sio ajali tu, ila madai yana muda, miezi 12, kwa hiyo mzee akishaandikiwa na daktari asiweke karatasi chini ya godoro.

Kuongea na bosi usiende peke yako. Nendeni wote saba kwa upole, anzeni na mzee manake hata yeye anamuona. OSHA pia unaweza kuwapa taarifa. Na ikitokea umefukuzwa kwa hilo, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, una siku 30 tu za kulalamika, usikae nyumbani ukiomba Mungu mwezi ukapita.

mwenye_karakana_Arusha:
Mimi ni bosi wa kazi hiyohiyo kwa hiyo nikwambie cha kumwambia bosi mwenzangu. Barakoa za bluu hazizibi pembeni, hazifai. Zinatakiwa N95, zile zinazobana uso na kuchuja vumbi laini, au zaidi, na mwenye ndevu haimkai vizuri. Ila hata hiyo ni ya mwisho, vumbi linatakiwa lizuiwe pale kwenye diski kwa maji. Kukata kavu mimi nimekataza kabisa.

Angalizo, msichukue hizo grenda za umeme mkamwagia maji, mtakufa na shoti. Kuna grenda za upepo zenye bomba la maji, zinaendeshwa na kompresa, na kompresa mnayo tayari mnajipulizia nguo! Aangalie tu kama nguvu yake inatosha. Kujipuliza muache leo leo, mnalirudisha vumbi lote puani. Tope lizolewe likiwa bichi, likikauka ni vumbi lilelile. Na tundu la sinki pimeni kwa mteja, mkate karakanani.

mama_wawili:
Ovaroli isifike nyumbani jamani. Mume wangu ni fundi, anabadilisha kazini na anaoga hukohuko, zinafuliwa huko. Kama leo haiwezekani basi iingie kwenye mfuko ufungwe, iloweshwe nje, isikung'utwe. Mtoto wa miezi nane!

fundi_wa_kaunta:
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Ovaroli imelala kazini leo. Vijana sita wamekubali, Jumatatu asubuhi tunamuona bosi, na habari ya grenda za upepo nitaanza nayo mimi.

Mzee alikuwa mgumu, nikamsomea ile ya Mererani, akanyamaza muda mrefu halafu akasema twende. Jioni hii tumekaa nje ya karakana tumeandika kwenye karatasi ya kumpa daktari, miaka na aina ya mawe. Miaka 19, kati ya hiyo 6 ya mwisho ni kwatzi karibu kila siku. Alikuwa anahesabu kwa vidole, akifika kwenye nyumba fulani anaikumbuka mpaka rangi ya jiwe.

nesi_wa_zamu:
Iandikeni mara mbili, moja ibaki kwake. Na picha ya kifua ya mwaka jana aje nayo, wataifananisha na mpya.