Mgongo waniua, mazoezi yasaidia kweli?

Naendesha tuktuk huku Likoni mwaka wa 6 sasa, jioni nikishuka lazima nishike chuma kwanza ndo ninyooke, mke wangu acheka ati nshazeeka. Nimelala siku 3 nikidhani ntaupumzisha, wapi, ndo umekaza zaidi. Mazoezi yasaidia ama ni maneno tu?

BahariKuu: Pole yakhe. Kulala ndo makosa, misuli yalegea mgongo wabaki na mzigo peke yake. Lala chali kwa mkeka, kunja magoti, inua makalio polepole hesabu mpaka 5 ushushe, mara 10. Halafu piga magoti na mikono chini kama watafuta sarafu, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha ubadilishe. Mi wiki ya kwanza nilitetemeka wallahi, na nilikuwa naona mchezo.

MamaViazi: Na hiyo waleti ya mfuko wa nyuma itoe, wakaa upandeupande siku nzima.

Dada_Kisauni: Miguu ikifa ganzi ama mkojo ukikutoka bila kujua, wacha mazoezi, enda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye swali: Waleti nshatoa 😂 Ganzi sina, alhamdulillah. Kesho alfajiri naanza na mkeka.